Mtani Halii

Safari zote nilizofanya na Mwantumu nilizifanya nikiwa nusu usingizini. Gari likiwaka tu, kichwa changu kinaanguka. Iwe basi, iwe lori la machungwa, nilifika kwenye shughuli za watu nikiwa na alama ya mshono wa kiti shavuni na zeze langu limelala mapajani ndani ya mfuko wa kitenge. Mwantumu yeye hakulala. Alikaa upande wa dirisha akanitazamia dunia, na tuliposhuka alinisimulia niliyoyakosa.

"Umekosa ng'ombe wa Kimasai wamesimamisha treni," aliniambia siku moja tukishuka Makuyuni. "Dereva kateremka, akampa dume kubwa shikamoo, ndipo wakapisha."

"Muongo."

"Si ungekuwa macho."

Siku nyingine nilikosa bibi harusi aliyevushwa mto Pangani juu ya kitanda. Kitanda kilikuwa juu ya vichwa vya wajomba sita, na yeye amekaa katikati anatafuna karanga. Nilikosa pia wanawake waliosimama shambani wakianika nywele zao nyeupe kwenye waya, safu kwa safu, hakuna hata mmoja mwenye uso. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Zilikuwa nyuzi za mkonge, zimeanikwa juani. Lakini nilikuwa nimeshaliona kwa maneno yake, na mpaka leo nikipita pale naona nywele kwanza, mkonge baadaye.

Ndiyo maana ninapojaribu kuandika tulikopita sijui kwa hakika yapi niliyaona na yapi niliambiwa. Miaka ile mitatu yote ina mwanga wa aina moja, ule wa mtu anayefumbua jicho moja na kukuta jua limeshapanda. Nitayaandika pamoja bila kuyachambua.

Tulikutana Korogwe, chuo cha ualimu. Siku ya kwanza bwenini nilichagua kitanda cha pembeni kabisa, kinachogusa ukuta, ili watu wasinione sana. Nilipotoka bombani nilikuta msichana mwembamba, macho yake ya njano kidogo, amejilaza juu ya kitanda hicho na viatu vyake.

"Samahani," nilisema, "hicho ni kitanda changu."

"Unaitwa nani?"

"Rhoda."

"Rhoda wa akina nani?"

Nilimtajia ukoo wa baba yangu. Aliinuka akakaa, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa amekata tamaa ya kukipata.

"Basi hiki kitanda ni changu," alisema. "Na hilo shuka, na hiyo sabuni uliyoshika. Kamuulize baba yako."

Nilitoka nje nikampigia baba, machozi yakinilenga. Baba yangu, mzee Habakuki, ni mtu wa kwaya. Huongea polepole kana kwamba anasoma neno kanisani. Aliuliza huyo msichana ni wa wapi. Nikamwambia wa Handeni, Mzigua, nikamtajia na ukoo wake. Baba alicheka mpaka simu ikakoroma.

"Mwachie kitanda," alisema. "Kisha chukua viatu vyake uvivae. Hao ni watani zetu."

Akanieleza. Mwaka mmoja wa njaa, zamani za babu yake, watu wa ukoo wetu waliteremka kutoka milimani kutafuta mahindi wakafika kwa akina Mwantumu. Wenyeji nao hawakuwa na kitu isipokuwa kikapu kimoja cha mbegu. Wakagawana mbegu. Watu waliogawana mbegu, baba alisema, hawawezi tena kuheshimiana kama wageni. Wanabaki kutukanana kwa mapenzi, wao na watoto wao. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakuvua kofia, anakuita mchawi mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kununa. Na kwenye msiba mtani ana kazi yake. Hilo la msiba alilitaja kwa kifupi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, nami sikuuliza zaidi.

Nilivaa viatu vya Mwantumu wiki nzima. Vilinibana, lakini sikusema.

Zeze nilifundishwa na baba mkubwa, huko Bumbuli, nikiwa mtoto. Ni la nyuzi mbili tu, kibuyu na mti, na sauti yake ni ndogo. Huwezi kulipiga mahali penye kelele. Chuoni nililipigia nyuma ya bweni, nimegeukia ukuta. Jioni moja nilisikia mtu anaimba mgongoni kwangu. Sikugeuka. Nilijua ni yeye, na nilijua nikigeuka vidole vitasahau kazi. Aliuimba wimbo wote akiwa anaimbia mgongo wangu, maneno anayatunga papo hapo, kuhusu Mshambaa aliyeteremka mlimani na blanketi akalikuta jua.

"Nyie wa milimani," alisema alipomaliza, "mna baridi mpaka kwenye muziki. Hilo zeze linatetemeka."

"Na nyie Handeni," nilisema, bado nimetazama ukuta, "hata kuku wenu wana mganga wao."

Akacheka kwa muda mrefu sana. Nadhani ndiyo siku niliyopata rafiki. Sikuwa nimewahi kumchekesha mtu kwa makusudi.

Tulipomaliza chuo ajira hazikutoka mapema, nasi tukaanza kuitwa huku na huku. Mahafali ya shule ya msingi Makuyuni. Harusi Sindeni. Sherehe ya kikundi cha akina mama kule Misima, ambako walitupa viti vya kukalia kisha wakaviondoa kwa sababu hakuna aliyetaka tukae. Watu walimwita Mwantumu, kwa kweli. Mimi nilikuwa "yule wa zeze." Niliketi ubavu, uso kwenye ukuta au kwenye mti, na yeye akasimama mbele.

"Huyu ni mtani wangu," alikuwa akiwaambia. "Msimpigie makofi. Kuku na mwewe, yeye na makofi. Mkifurahi mleteeni chakula, atawaelewa."

Na kweli walileta chakula. Alikila yeye.

Safari ninayoikumbuka kama ndoto kabisa ni ya Hale. Ilikuwa harusi katika nyumba za wafanyakazi wa umeme, mchana wa jua kali, nguo nyeupe zimeanikwa kila mahali. Mwantumu aliniambia nivue viatu nikanyage chini. Ardhi ilikuwa inanguruma. Ni mashine, alisema, ziko chini kabisa, maji ya Pangani yanazizungusha usiku na mchana ili sisi tuchaji simu. Nilikaza uzi mmoja, nikalegeza mwingine, mpaka zeze likakubaliana na mngurumo ule, na kutoka hapo sikujua tena kama ninapiga mimi au unapiga mto. Watoto walicheza polepole kama wako ndani ya maji. Bwana harusi alisinzia kwa raha. Mwantumu aliimba wimbo mmoja nusu saa nzima, na nilipomuuliza baadaye kama mngurumo ulikuwepo kweli au alinidanganya, alisema, "Wewe ulisikia au hukusikia?" Nilisema nilisikia. "Basi."

Alikuwa na selimundu tangu utotoni. Hakuificha, ila hakupenda iwe habari. Zilikuwepo siku ambazo magoti na nyonga vilimuuma mpaka alitembea kwa kuchechemea, ameuma ukosi wa gauni lake. Nilikuwa namwambia turudi nyumbani. "Mifupa yangu ina ngoma yake," alijibu. "Inacheza bila kunialika. Sasa nikae nyumbani niitazame?" Nilimbebea mfuko. Hakunishukuru, mtani hashukuriwi.

Mara ya mwisho tulikuwa tunarudi Korogwe kutoka harusi nyingine, saa tisa alasiri, kwenye basi lililokuwa na viti vingi vitupu. Gari liliwaka, nami nikangoja kichwa changu kianguke. Badala yake kilianguka cha kwake, begani kwangu. Alikuwa na joto. Nilikaa wima njia nzima, sikutikisa bega, nikatazama nje kwa mara ya kwanza. Tulipofika stendi alifumbua macho.

"Nimekosa nini?"

Nilitafuta. Nilitafuta kweli, lakini mdomo wangu ulikuwa mzito.

"Hakuna kitu," nilisema. "Miti tu."

"Miti ilikuwa inafanya nini?"

"Imesimama."

Alinitazama kwa huruma. "Mtani," alisema, "ukinitangulia nitakuwa na mengi ya kusema. Nikikutangulia mimi, sijui watu watasikia nini."

Nilidhani ni mzaha kama mizaha yake mingine. Wiki tatu baadaye, Jumanne alfajiri, nilipigiwa simu kutoka Handeni.

Walizika siku hiyohiyo, baada ya adhuhuri. Nilifika kwao na bodaboda kutoka stendi wakati jeneza bado liko ndani. Uwanja ulikuwa umejaa. Niliposhuka watu walinipisha, wakaacha njia nyembamba kutoka barabarani hadi mlangoni, nami nilidhani wananihurumia. Mlangoni alisimama mjomba wake, mzee Kibwana, amemshika kuku jike kwa mbawa. Nilimwona yule kuku nikafikiri ni wa jikoni. Nikampita mjomba bila kumpa hata salamu, nikaingia, nikamwona mama yake, bi Mwanaisha, ameketi kwenye mkeka na khanga kichwani, nikaanguka magotini pake nikalia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akina mama waliokuwa wametulia walianza upya. Mtu akaninyanyua, mtu mwingine akaninywesha maji.

Kwa pembeni ya jicho nilimwona mjomba Kibwana bado amesimama pale mlangoni. Alinitazama mimi, akatazama jeneza, akatazama kuku. Alingoja kidogo zaidi. Kisha akamwachia kuku aende zake, akasema, "Haya. Mtoeni."

Jikoni, nilipokuwa naosha uso, mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele aliniuliza kwa upole, "Wewe si mtani?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona umelia?"

Ndipo nilipoelewa. Kazi yangu ilikuwa mlango. Nilitakiwa niuzibe, nijilaze kizingitini, niseme hatoki mtu humu. Niseme Mwantumu anajifanya, ni uvivu wake wa siku zote, mwamsheni akateke maji. Nitembee mwendo wake, niige sauti yake, niwakasirishe watu mpaka wacheke, na mjomba anipe yule kuku ili nikubali kuachia njia. Wengine wote pale walikuwa na ruhusa ya kulia. Mimi peke yangu sikuwa nayo. Na Mwantumu alikuwa ametolewa nyumbani kwao katika kimya, kama mtu ambaye hakuwahi kuchekwa na mtu yeyote.

Nilirudi Korogwe. Sikuligusa zeze. Nikilala mchana nilimwota yuko dirishani kwenye basi, amenipa kisogo, anatazama nje. Nilimuuliza nimekosa nini. Hakugeuka wala hakusimulia, na nje ya dirisha hapakuwa na kitu, hata miti.

Siku ya thelathini na saba mjomba Kibwana alipiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mtani. Mzima?"

"Mzima."

"Sisi siyo wazima sana. Dada yangu hajanyanyuka kwenye mkeka. Anakula akilazimishwa, anaswali, anarudi palepale. Tunamwambia Jumamosi ni arobaini, tunasoma dua, tunakunja mkeka, tunaanua tanga. Anasema lianuliwe vipi na halijakamilika. Anasema mwanawe ametolewa kama kiokote, kama mtu asiye na watani." Alikohoa. "Sikulaumu. Nakwambia tu yanayosemwa ndani."

"Nitakuja, mjomba."

"Njoo. Lakini kama unakuja kulia, usije. Waliaji tunao."

Baba, aliyekuwa amekuja Korogwe kunitazama, alikuwa ametega sikio. Nilipokata simu nilimwambia aende yeye. Naye ni mtani, na ana sauti.

"Niende nikaseme nini?" alisema. "Simjui yule binti. Kwamba alikuwa mrefu?"

"Hakuwa mrefu."

"Unaona." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mtani anamcheka mtu anayemjua. Na kosa la mtani linafutwa na huyohuyo aliyelifanya. Utaenda wewe, Rhoda. Hutalia. Machozi yana wenyewe kule."

"Baba, mimi siwezi kusema mbele za watu. Unajua."

"Najua," alisema. "Na Mwantumu alijua. Hata hivyo alikuchagua."

Nilikaa na hofu siku mbili. Haikuwa hofu ya watu peke yake. Niliogopa kwamba nitamtania vibaya, nimuumize mama ambaye hana tena mahali pa kuumizwa. Niliogopa pia kwamba nitashindwa, na bi Mwanaisha abaki kwenye mkeka ule kwa ajili yangu, mwaka huu, mwaka ujao, khanga kichwani, akingoja.

Jumamosi nilipanda gari la asubuhi kwenda Handeni. Sikulala. Njia yote niliitazama. Milima ilibaki nyuma na ukungu wake. Yakaja mashamba ya mahindi yaliyokauka, mbuzi waliosimama juu ya kichuguu, mtu amebeba mlango kichwani bila nyumba yoyote karibu. Kila kitu kilikuwa kama alivyosimulia. Na kila kitu kilikuwa cha kawaida kabisa. Nilijaribu kuandaa maneno, lakini yalikuja na kuondoka kama vituo vya njiani, na niliposhuka sikuwa na hata moja.

Dua ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa chini ya turubai uani wanangoja ubwabwa, na harufu ya mdalasini imejaa kila mahali. Safari hii hawakunipisha. Niliingia ndani mwenyewe. Bi Mwanaisha alikuwa palepale, kana kwamba siku arobaini zilikuwa alasiri moja ndefu. Amekonda. Akina mama walimzunguka, migongo ukutani. Alinyanyua macho akanitazama, akayashusha.

Mtani hasemi pole. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza. Nilisimama katikati ya mkeka na viatu vyangu miguuni, nikasema kitu. Hata mimi sikukisikia.

"Hatusikii, mtani," alisema bibi mmoja kutoka kona. "Au umekuja kumnong'oneza marehemu?"

Mmoja wawili walicheka kwa pua. Nilitafuta ukuta wa kutazama, lakini kila ukuta ulikuwa na mtu.

"Nasema," nilisema, "mmefanya vizuri kumzika. Alikuwa amezidi."

Nje mtu aliangusha mfuniko wa sufuria, ukazunguka chini, ukazunguka, ukatulia.

"Miaka mitatu," niliendelea, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi, "nimemfukuza yule mwanamke na zeze langu kama mtu anayemfukuza kuku kwenye mvua. Mnasema alikuwa anaimba. Alikuwa anakimbia. Anaanza wimbo Korogwe, anaumalizia Segera, mimi niko nyuma nahema. Mnasema alikuwa mwembamba. Kwenye harusi alikula sahani ya bwana harusi, akala ya bibi harusi, kisha akasema, mleteeni na mtani wangu, akaila na hiyo. Vilikuwa vinaingia wapi? Nyie Handeni mlimfanyia dawa gani?"

"Kwetu hatuna dawa," alijibu yule bibi wa konani haraka. "Ni nyie wa milimani, mlimroga kwa ubaridi wenu."

"Tungemroga akili basi. Maana hiyo nayo haikuwepo. Ananiambia ng'ombe wamesimamisha treni. Ananiambia mtu kavuka mto juu ya kitanda. Mama, ulimlea kwa uji au kwa uongo?"

Sasa walikuwa wanacheka, wengine wamejifunika midomo kwa khanga. Bi Mwanaisha hakucheka. Alikuwa ametazama vidole vyake vya miguu. Nilijua nimefika mahali ambapo ningeweza kuacha. Watu wangesema mtani amejitahidi. Lakini yeye alikuwa bado ameketi.

Nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilichukua khanga iliyokuwa imekunjwa juu ya kigoda, ya Mwantumu, niliitambua kwa maua yake, nikajifunga kiunoni alivyojifunga yeye, fundo upande. Nikauma ukosi wa gauni langu. Nikaanza kutembea juu ya mkeka kwa kuchechemea, kama alivyotembea siku zake mbaya, kidevu juu, anajifanya haumwi, anajifanya ni mwendo tu alioamua kuutumia leo. Nilitembea mpaka ukutani, nikageuka, nikarudi.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimelichukua lile lililomuua nikalitembeza mbele ya mama yake. Niliona mabega ya bi Mwanaisha yakitikisika, uso umeinama, na sikuweza kujua ni nini kinachomtikisa. Nilisimama. Machozi yalikuwa yamefika hapahapa, nimeyauma pamoja na ule ukosi.

"Siyo huo," alisema.

Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika.

"Mama?"

"Mguu. Siyo huo." Alinyanyua uso. Ulikuwa umelowa wote, na mdomo wake ulikuwa umepinda kwa namna ambayo nilikuwa nimeiona mara nyingi kwenye uso mwingine. "Wewe unachechemea wa kulia. Mwanangu aliumwa wa kushoto. Miaka mitatu umetembea naye, ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nyuma yake, mama. Nimebeba mfuko."

"Hata aliye nyuma anaona miguu. Washambaa mna macho ya nini nyie, ya kutazamia viazi?" Aliweka kiganja chini. "Nipeni mkono."

Wanawake wawili waliruka kumshika. Aliwasukuma. Alinipa mkono mimi, nikamvuta, naye akanyanyuka kwa vipande, goti, kisha goti lingine, akasimama katikati ya mkeka akiyumba kidogo. Alijifunga khanga yake vizuri.

"Hivi," alisema.

Akatembea. Alimjua yule mtu. Kidevu kilikuwa chenyewe, na kile kiwiko kilichobanwa ubavuni ambacho mimi nilikuwa nimekisahau kabisa, na jinsi alivyotupa jicho pembeni kuangalia kama kuna anayemwona. Kwa muda wa hatua nne tano Mwantumu alipita chumbani mle. Bibi wa konani alipiga kigelegele kilichokatika katikati, na wote wakacheka, wakalia, wakacheka, hata sijui kipi kilianza.

"Fuata," bi Mwanaisha aliniamuru bila kugeuka. "Na uvue viatu. Unakanyaga mkeka wa watu."

Nilivua viatu nikafuata. Tulitoka mlangoni wawili sisi, yeye mbele, mimi nyuma, tukatokea kwenye jua. Wanaume waliokuwa chini ya turubai waligeuka. Mjomba Kibwana alisimama na bakuli la kunawia mkononi, mdomo wazi, kisha akaliweka chini akatupita upesi kuingia ndani, na nyuma yangu nilisikia mkeka unakunjwa, mlio mkavu wa ukindu, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Akina mama walitoka nyuma yetu wakipiga makofi ya mwendo. Tulizunguka mafiga, tukazunguka sufuria kubwa ya ubwabwa, vumbi jepesi likituinukia vifundoni.

"Mtani," bi Mwanaisha alisema, bado ametazama mbele.

"Naam, mama."

"Bado ni wa kulia huo."

Nikabadili mguu.